Dawa za Kutanua Mishipa na Chembe Sahani za Damu

Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyotoka kwenye uboho na kuzunguka katika damu kwa siku 7 hadi 10. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Mshipa ukichanika, chembe hizo hujibandika penye jeraha, hubadili umbo, humwaga kemikali za kuita chembe nyingine, kisha hushikamana kuwa bonge linaloziba tundu. Bila kazi hiyo mtu angeweza kuvuja damu hadi kufa hata kwa jeraha dogo. Balaa huanza bonge lilelile linapojengeka ndani ya ateri, juu ya tabaka la mafuta lililopasuka. Likiziba ateri ya moyo huleta shambulio la moyo; likiziba ya ubongo huleta kiharusi.

Kinachozituliza chembe sahani katika mshipa mzima ni utando mwembamba unaoufunika mshipa kwa ndani. Seli za utando huo hutoa prostasaiklini, iliyogunduliwa mwaka 1976 nchini Uingereza na kundi la John Vane na Salvador Moncada, pamoja na gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo utafiti wake uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Ajabu yake ni kwamba kila kimoja hufanya kazi mbili kwa pamoja: hulegeza misuli laini ya ukuta wa mshipa, na huzuia chembe sahani zisishikamane. Seli ya msuli hujikaza pale kalsiamu inapopanda ndani yake. Chembe sahani nayo huamshwa na kalsiamu hiyohiyo. Prostasaiklini huongeza ndani ya seli kijumbe kiitwacho AMP ya mviringo, na oksidi ya nitriki huongeza ndugu yake, GMP ya mviringo. Vijumbe hivyo hushusha kalsiamu, hivyo msuli ukalegea na chembe zikatulia. Chembe sahani zenyewe hutoa kemikali ya kinyume, thromboksani A2, inayobana mshipa na kuzikusanya chembe nyingine.

Kwa hiyo si sahihi kuzitia dawa zote za kutanua mishipa katika kapu moja. Amlodipini na nifedipini, zinazotumiwa sana kwa shinikizo la damu, hufunga milango ya kalsiamu kwenye misuli ya mshipa. Haidralazini nayo hulegeza misuli ya ateri. Hakuna daktari anayezitegemea dawa hizi kuzuia damu isigande. Nitrogliserini, inayowekwa chini ya ulimi wakati wa maumivu ya kifua, hutoa oksidi ya nitriki, hivyo huweza kuzigusa chembe sahani pia, lakini faida yake kubwa ni kupunguza mzigo wa moyo.

Dawa zinazogusa pande zote mbili kwa uzito ni zile zinazoongeza AMP ya mviringo. Epoprostenoli ni prostasaiklini yenyewe iliyotengenezwa kiwandani. Hutumika kwa shinikizo kubwa katika ateri za mapafu, na kwa kuwa huvunjika mwilini ndani ya dakika chache, huingizwa mshipani mfululizo kwa pampu. Kuikatiza ghafla ni hatari. Silostazoli huzuia kimeng'enya kinachovunja AMP ya mviringo. Humsaidia mtu ambaye ateri za miguu yake zimekuwa nyembamba kiasi kwamba akitembea kidogo misuli huuma, akisimama maumivu hutulia. Mwenye moyo ulioshindwa kazi haruhusiwi kuitumia.

Historia ya dipiridamoli, dawa nyingine ya kutanua mishipa, inafundisha zaidi. Ilianza kama dawa ya maumivu ya kifua, kwa hoja kwamba kutanua ateri za moyo kutaongeza damu. Hoja hiyo ina msingi: kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10 na shinikizo lisibadilike, mtiririko huongezeka kwa karibu asilimia 46. Lakini mbele ya ateri iliyobanwa sana, mishipa midogo huwa tayari imetanuka kadiri iwezavyo. Dawa huitanua ile yenye afya peke yake, na damu hukimbilia huko, ikiiacha sehemu yenye njaa na njaa zaidi. Leo madaktari hutumia tabia hiyohiyo kufichua kasoro wakati wa kupiga picha za moyo. Kwa upande wa chembe sahani, dipiridamoli ilipata kazi nyingine: hutolewa pamoja na aspirini kuzuia kiharusi cha pili.

Aspirini haitanui mishipa. Huzima utengenezaji wa thromboksani kwa maisha yote ya chembe iliyoguswa. Ikitumiwa pamoja na dawa ya kutanua mishipa inayotuliza chembe sahani, kinga huongezeka na uwezekano wa kuvuja damu nao huweza kupanda, ndiyo maana daktari wa upasuaji au wa meno anapaswa kuelezwa mapema dawa zote ambazo mgonjwa anameza.