Bima Umelipia kwa Simu, Lakini Je, Umekunywa?

Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, Thika Road huchangamka usiku. Bima ya gari ulilipia kwa simu, kwa hivyo unajiambia uko sawa. Ngoja kwanza.

Ukipatikana na hatia ya kuendesha gari ukiwa mlevi, korti inaweza kukutoza faini ya hadi shilingi 100,000, kukufunga hadi miaka 2, au yote mawili. Hiyo ndiyo bili ndogo. Bili kubwa iko kwenye bima:

- Gari lako. Hata bima ya komprehensivu kwa kawaida hailipi hasara dereva akiwa amelewa. Ukigonga ukuta pale Juja, pesa ya gereji inatoka mfukoni mwako.
- Uliyemgonga. Kampuni ya bima inaweza kumlipa hadi shilingi milioni 3, kisha ikurudie wewe ikidai pesa zake. Inayozidi hapo ni deni lako.
- Mwaka ujao. Fomu ya bima huuliza kama umewahi kuhukumiwa kwa makosa ya barabarani. Ukisema ukweli, huenda ukalipa zaidi au ukataliwe. Ukidanganya, siku ya ajali unaweza kukosa kulipwa.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza PIN, soma mambo ambayo kampuni hailipi. Ukishikwa, usitume "faini" kwa nambari ya mtu binafsi. Lipa kwa njia rasmi ya korti na uweke risiti.

Na ukiwa umekunywa Thika mjini na unalala Ruiru, acha gari, lipia teksi kwa simu. Ni nafuu kuliko bili hizo zote.