Kano ya Sungura Imeshikana, Lakini Usiuze Minazi Bado

Jirani yangu alinisimamisha baada ya swala ya Ijumaa, simu mkononi. Mwanawe alikatika kano ya kisigino akicheza mpira mwaka jana, na hadi leo achechemea. Kwenye simu mna tangazo: sindano ya seli shina, kijana arudi uwanjani. Ili alipe, itambidi auze kipande cha shamba la minazi. Je, auze?

Ndugu msomaji, tuanze na kano yenyewe. Ni kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Nyuzi zake za kolajeni zimelala upande mmoja, kama kamba ya makumbi iliyosokotwa vyema. Lakini ina seli chache na hupata damu kidogo, kwa hivyo hupona polepole. Ikipona huacha kovu ambalo nyuzi zake zimekaa ovyo, na kamba ya namna hiyo haivuti kama ya awali.

Wanasayansi wanajaribu kuzuia kovu hilo. Huchukua seli shina kwenye uboho wa mifupa, huzizidisha maabara, huzichanganya na kolajeni, kisha huzipandikiza penye jeraha. Mwaka 1998, watafiti wa Marekani walifanya hivyo kwa sungura walioachwa na pengo la sentimita 1 kwenye kano ya kisigino. Kano zilizotiwa seli zilikuwa na nguvu kuliko zilizoshonwa uzi mtupu.

Habari njema, lakini sikiliza na hii. Mwaka 2003, katika jaribio jingine la sungura, kwenye kano ya goti, asilimia 28 ya kano zilizopandikizwa seli ziliota mfupa ndani yake.

Uingereza nako, ripoti ya mwaka 2012 ilifuatilia farasi 113 wa mbio waliodungwa seli zao wenyewe. Asilimia 27 hivi waliumia tena, wachache kuliko ripoti za matibabu mengine. Ila hapakuwa na kundi la farasi wasiodungwa la kulinganisha nao.

Sungura si mwanadamu, na farasi vilevile. Nilimwambia jirani ampeleke kijana kwa daktari wa mifupa, aulizie upasuaji na mazoezi ya viungo. Na huyo mwenye sindano, amuulize: imejaribiwa kwa watu wangapi, wakilinganishwa na nani, na wako vipi leo? Akibabaika, minazi ibaki ilipo.