Istilahi za Maonyesho ya Picha za Kuchora

Mfasiri anayepewa kazi ya kutangaza kwa Kiswahili maonyesho ya uchoraji wa leo katika jumba la sanaa la mjini huiona sentensi hiyo kuwa nyepesi, hadi atakapoanza kuiandika. Ndipo anapogundua kwamba karibu kila neno analolihitaji limekwisha kupewa kazi nyingine. Maonyesho ni ya wakulima na wafanyabiashara, na tena ni ya waigizaji. Picha ni ya mpiga picha. Mchoro ni wa mhandisi na wa mwalimu wa sayansi. Kisasa ni sifa ya kila kitu kipya, kuanzia ujenzi wa nyumba mpaka kuku wa mayai.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo moja moja, na mahali pa kuyapimia ni Kibaigwa. Mji huo wa wilaya ya Kongwa, uliopo kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, unajulikana kwa soko lake la mahindi. Haujulikani kwa majumba ya picha. Kwa sababu hiyo hiyo unatufaa. Mkazi wa Dar es Salaam akisoma tangazo lenye istilahi mbovu, huweza kusaidiwa na mambo aliyokwisha kuyaona kwa macho. Mwalimu wa Kibaigwa anayealikwa kupeleka wanafunzi wake kutazama picha jijini Dodoma hana msaada mwingine ila maneno yenyewe. Yakimpotosha, watoto watasafirishwa kwa nauli ya wazazi kwenda kutazama kitu ambacho hawakuandaliwa kukitazama.

Tuanze na neno maonyesho, kwa kuwa ndilo lenye matata mengi. Katika mkoa wa Dodoma neno hilo, likisemwa peke yake, humpeleka msikilizaji moja kwa moja Nzuguni, kwenye viwanja vya Nane Nane, penye mbegu, mifugo na matrekta. Huko Dar es Salaam humpeleka Saba Saba. Matumizi haya hayana kosa lolote, na wala hayamzuii mchoraji kulitumia neno hilo hilo, maana mantiki ni moja: vitu vimepangwa mahali ili watu wapite wavitazame, na pengine wavinunue. Hata neno banda, ambalo mkulima amelizoea Nzuguni, linatosha kabisa kwa sanaa. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, nchini Italia, ambayo yalianza mwaka 1895. Hakuna haja ya kulitafutia banda hilo jina la heshima zaidi kwa sababu tu ndani yake zimetundikwa picha badala ya masuke ya mtama.

Matata yanaanza neno hilo linapokutana na neno sanaa. Tangu miaka ya 1960 na 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyatumia maneno sanaa za maonyesho kwa maana ya tamthilia, ngoma, majigambo na michezo mingine ambayo mtu huitenda mbele ya watazamaji. Kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kilichotolewa mwaka 1976, kiliyaeneza maneno hayo mashuleni. Uchoraji na uchongaji, kwa upande wao, viliwekwa katika kundi la sanaa za ufundi. Basi tunazo sanaa za maonyesho, ambazo hazimhusu mchoraji, na tunayo maonyesho ya sanaa, ambayo ndiyo shughuli yake hasa. Tofauti yote imebebwa na mpangilio wa maneno mawili, na kila afisa utamaduni anajua jinsi mpangilio huo unavyogeuzwa kwa urahisi pale barua inapopigwa chapa kwa haraka.

Kwa mkazi wa Ugogoni kosa hilo si dogo. Neno sanaa linapotajwa kwake, linalomjia kwanza ni zeze, na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake. Akiahidiwa sanaa za maonyesho atatazamia ngoma, na atakuwa na haki. Mhasibu naye akiona maneno hayo katika makadirio ya fedha ataweka posho za wachezaji na kodi ya vipaza sauti, wala hatafikiria mbao za kutundikia picha na taa za kuzimulikia. Shauri letu ni kwamba, katika tangazo lolote linalokwenda kwa watu wote, maneno maonyesho ya sanaa yasiachwe yasimame peke yake. Kitajwe kinachoonyeshwa: maonyesho ya picha, maonyesho ya vinyago, maonyesho ya vyungu. Kwa njia hiyo hata atakayeugeuza mpangilio hataharibu maana, kwa kuwa picha za maonyesho haziwezi kufikiriwa kuwa ngoma.

Kuhusu tahajia, baadhi ya waandishi hupendelea maonesho, kwa hoja kwamba onyesha limetokana na onya, na kuonya si kuonesha. Hoja hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa, kwani onya lenyewe ni zao la ona: anayemwonya mwenzake humfanya aone hatari. Makala haya yanatumia maonyesho. Ofisi yenye mazoea ya kuandika maonesho na iendelee, mradi isichanganye yote mawili katika barua moja.

Sasa tuje kwenye picha. Mpiga picha na mchoraji wote wawili hutoa picha, na mzazi anayeambiwa kwamba mtoto atapelekwa kwenye maonyesho ya picha anaweza kudhani ni sinema au ni picha za kamera. Wengine hujaribu kumsaidia kwa kusema picha za rangi. Msaada huo unaongeza giza, kwa sababu picha ya rangi, kwa kila aliyewahi kuingia studio, ni ile isiyokuwa nyeusi na nyeupe. Mchoro nalo ni neno zuri, lakini ofisini ni ramani ya jengo, na darasani ni moyo wa chura uliochorwa ubaoni na kuwekewa mishale.

Hata hivyo mkoa wa Dodoma una ushahidi wake wa kulitetea neno kuchora. Michoro ya miambani ya Kolo na sehemu nyingine za Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ilifanywa kwa rangi, nyekundu na nyeupe, wala haikukwaruzwa mwambani. Pamoja na hayo watu huiita michoro, na hapana anayekosea. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba kuchora ni kwa kalamu au kwa ncha peke yake, na kwamba kazi ya brashi lazima iitwe kupaka, wanaibana lugha pasipo sababu. Anayepaka rangi ni fundi wa kuta. Huyu mwingine anachora kwa rangi. Maneno picha za kuchora yanatosha: yanamtenga mpiga picha, yanamwacha mhandisi na mchoro wake, na mwanafunzi wa darasa la tatu anayaelewa.

Mahali zinapotundikwa picha hizo pamekwisha kupewa majina kadhaa. Wapo wanaoandika galari. Neno hilo halina ubaya katika kundi la wanaolijua, ila katika mji wa maghala ya nafaka litasikika kama ghala lililotamkwa vibaya. Dar es Salaam ilitangulia kutupa jina jema: Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kuhamia katika jengo lake la Upanga mwaka 1983. Nairobi, kabla ya hapo, mwaka 1965, Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, alianzisha pamoja na wenzake jumba lililoitwa Paa ya Paa. Yaani paa, yule mnyama, anapaa. Hilo ni jina ambalo mfasiri hawezi kulihamishia lugha nyingine bila kulivunja, na ni vema tukumbuke kwamba si kila mara Kiswahili ndicho kinachopungukiwa.

Jumba la sanaa, basi, linafaa kuwa jina la jumla. Lakini lisichanganywe na makumbusho. Ni kweli kwamba makumbusho nayo huonyesha picha za watu walio hai: Everlyn Nicodemus, naye mzaliwa wa Marangu, alifanya maonyesho yake ya kwanza katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Ila mzizi wa makumbusho ni kumbuka, na mchoraji anayechora leo hapendi kukumbukwa kabla hajatazamwa.

Hapo ndipo linapokuja swali la kisasa, ambalo kwetu ni zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa maana kosa lake huzaa uongo wa historia. Kiswahili kimezoea kukipanga kila kitu katika makundi mawili: cha jadi na cha kisasa. Kuku wa kienyeji na kuku wa kisasa. Dawa za jadi na dawa za kisasa. Mfasiri anapokutana na picha za Tingatinga, akaona chui, ndege na miti iliyojaza ubao mzima, huziweka upande wa jadi bila kusita. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, miaka saba baada ya uhuru, akitumia rangi za kung'aa za dukani juu ya mbao za viwandani. Alifariki mwaka 1972. Mtindo uliozaliwa mjini, kwa rangi za dukani, ukauzwa kwa wageni na wenyeji, hauwezi kuitwa wa jadi ila kwa uvivu. (Kibaigwa, kwa wakulima, tingatinga ni mashine ya kulimia au kusawazisha ardhi, mwalimu awe tayari kwa kicheko darasani.)

Je, tuuite wa kisasa? Jambo hili linahitaji uangalifu. Mjini New York lipo jumba mashuhuri, lililoanzishwa mwaka 1929, ambalo jina lake kwa Kiswahili ni Jumba la Sanaa ya Kisasa. Ndani yake imo picha ya Van Gogh ya mwaka 1889. Imo pia picha ya Mtanzania Sam Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ntiro alikuwa pia balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London, na alifariki mwaka 1993. Ni dhahiri kwamba kisasa, katika jina la jumba hilo, ni kipindi cha historia kilicho na mwanzo wake, na wengi wa wachoraji wake wamekwisha kufa. Tangazo letu linazungumzia jambo jingine: picha za watu wanaochora sasa. Tukiyaita yote mawili ya kisasa, mwanafunzi hatajua kama anakwenda kukutana na mchoraji au na kaburi lake. Tunapendekeza sanaa ya kisasa ibaki kuwa jina la kipindi hicho, na kwa haya mengine tuseme picha za wachoraji wa leo. Mtu akipenda za zama hizi, aandike hivyo. Ni Kiswahili safi, ingawa ni kizito kidogo kwa bango.

Yuko pia mtu anayechagua picha zipi zionyeshwe na zikae wapi. Mhifadhi ni wa Kolo, anayeilinda michoro isiharibiwe. Mteuzi, kwa mtumishi wa serikali, ni mwenye mamlaka ya kumpa mtu cheo. Msimamizi, kwa mwalimu, ni wa mitihani. Mpangaji anadaiwa kodi ya nyumba. Limebaki mwandaaji, na tulitumie.

La mwisho ni kile kikaratasi kinachobandikwa kando ya kila picha. Desturi ni kutaja jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, vifaa na vipimo. Kwenye vifaa mara nyingi huonekana maneno mafuta juu ya turubai. Kibaigwa turubai ni lile linalofunika magunia ya mahindi mvua inapotishia, na mafuta ni ya alizeti. Msomaji wa huko ataona hasara iliyompata mfanyabiashara fulani, hataona sanaa. Kwanza, kiandikwe kitu kizima: rangi ya mafuta. Pili, kitambaa hicho kina kitenzi chake tangu zamani. Ngozi huwambwa juu ya ngoma. Na kitambaa cha mchoraji nacho huvutwa kikawambwa juu ya fremu ya mbao kabla ya kupakwa chochote. Mpigaji wa muheme hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kwa picha ya Tingatinga kikaratasi kiseme: rangi ya kung'aa, ubao wa hadibodi, sentimita 60 kwa 60. Kwa picha ya mwenzake wa leo anayetumia kitambaa kiseme: rangi ya mafuta, kitambaa cha kuwamba, na kama picha inauzwa, bei iandikwe kwa shilingi.