Programu Ikihama Lugha

Chukua programu fupi inayogeuza saa za kimataifa kuwa saa zetu za Kiswahili. Kanuni yake ni nyepesi: toa 6, gawanya kwa 12, shika baki, baki ikiwa sifuri, soma 12. Saa 13 ukitoa 6 unapata 7, yaani saa saba mchana. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python na haijawahi kukosea.

Sasa iandike upya kwa lugha ya C, alama kwa alama. Ukiijaribu asubuhi, mchana na jioni, itajibu sawasawa. Ngoja usiku wa manane. Ifikapo saa 4 ya kimataifa, 4 kutoa 6 ni hasi 2. Hapo Python inatoa baki 10, saa kumi alfajiri, kama inavyopaswa. C inatoa hasi 2. Alama ya kutafuta baki ni ile ile katika lugha zote mbili, lakini katika Python baki hufuata ishara ya kigawanyo, na katika C hufuata ishara ya namba inayogawanywa.

Ugumu wa kuhamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine uko hapo. Maneno huhamishika kwa urahisi. Tabia ndiyo inayopotea njiani, tena bila kelele.

Wako wanaokabidhi kazi hii kwa mashine. Kompaila ya lugha ya Go, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya kompyuta, hapo mwanzo iliandikwa kwa C. Wahandisi wake wakaunda chombo maalumu cha kuutafsiri msimbo huo kuwa Go, na toleo la 1.5 likatoka Agosti 2015 bila C ndani ya kompaila. Faida ya chombo ni kwamba hakichoki: msimbo wa zamani ukibadilika, unakiendesha tena. Gharama yake nayo ilionekana waziwazi. Waundaji wenyewe walitangaza kuwa kujenga programu kwa toleo hilo kungechukua takriban mara mbili ya muda wa awali, na sababu mojawapo ni kwamba msimbo uliotafsiriwa na mashine ulikuwa Go kwa sura, C kwa mwenendo. Kuusafisha ilibaki kazi ya watu.

Wengine huhamisha kwa mkono. fish, programu inayopokea amri unazoandika kwenye kompyuta, ilianza kuhamishwa kutoka C++ kwenda Rust mwaka 2023. Hawakubomoa nyumba nzima kwa siku moja. Walihamisha kipande baada ya kipande, lugha mbili zikiishi pamoja ndani ya programu moja, hadi toleo la 4.0 lilipotoka Februari 2025. Kilichowasaidia sana ni kwamba majaribio yao mengi yameandikwa kama amri za fish yenyewe: hutoa amri, kisha hukagua jibu. Jaribio la namna hiyo halijali ndani kuna C++ au Rust.

Kwa hiyo, mashine au mkono, swali langu la kwanza kwa kijana anayetaka kuhamisha programu ni moja: una majaribio gani yanayoitazama kwa nje? Kama hana, ninamsihi asiguse mstari hata mmoja kwanza. Kama ni programu huria ya watu wengine, pia aisome leseni yake na kuyaacha majina ya waandishi wa awali mahali pake, maana tafsiri haifuti jasho la aliyetangulia.

Kwa programu yetu ya saa, kuandaa majaribio hayo ni kazi ya dakika chache. Ipe ile ya Python saa zote 24, kuanzia 0 hadi 23, na uandike majibu yake. Kisha ipe ya C saa zile zile na ulinganishe. Kosa litajitokeza kwenye saa sita za kwanza za orodha, 0 hadi 5, nawe utalirekebisha mchana kweupe, kabla halijamfikia mtu anayetegemea saa hiyo kuamka alfajiri.