Kinga ya Zamani: Rangi Isifiche Ufa

Katika nyumba nyingi za Wakristu wenzetu kuna baiskeli kuukuu, kinga ya baba au ya babu, iliyoachwa nyuma ya jiko ikaliwa na kutu. Je, itupwe? Sivyo. Kinga ya chuma yaweza kurudia kazi kwa mikono ya watu wa nyumbani. Ila kazi hiyo ina utaratibu wake, nasi twaona wengi wakiuanzia mwisho: wananunua rangi kwanza.

Kwanza, chunguzeni. Isafisheni kinga kwa maji na sabuni, kisha tazameni kila mahali mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani na karibu na pedali. Mstari mwembamba wa kutu huenda ukawa ufa. Ukionekana, pelekeni kinga kwa fundi aungaye chuma kwa moto.

Pili, fungueni viungo. Pedali ya kuume hufunguliwa kama skrubu za kawaida. Ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Wengi wameiharibu kwa kutojua hilo. Osheni gololi kwa petroli ya taa, mbali na moto. Zikiwa na vishimo, badilisheni zote pamoja, kisha tieni grisi mpya. Gurudumu lizunguke kwa ulaini bila kuyumba.

Tatu, pimeni mnyororo. Ukiwa mpya, viungo 24 vina urefu wa milimita 304.8. Vikifikia 307, mnyororo umechakaa. Mkiuacha, utayala meno ya magurudumu yake.

Nne, breki. Raba zake ziguse chuma cha gurudumu, wala zisiguse tairi. Kazeni breki na kuisukuma kinga: gurudumu lisizunguke. Tena mkumbuke kwamba chuma kilicholowa mvua hakishikwi upesi. Kwenye mteremko shikeni breki mapema.

Mwisho, rangi. Ondoeni kutu yote kwa msasa, pakeni rangi ya kuzuia kutu, ikauke, kisha rangi ya juu mara mbili, nyembamba nyembamba.

Lakini wako wanaopaka rangi juu ya ufa, wakapeleka kinga sokoni kama nzima. Anayeinunua atampakia mtoto mgonjwa akimpeleka zahanati, au gunia la mihogo, na bomba litakatika mteremkoni. Mwenye kuuza hivyo asiseme amefanya biashara: amemwibia mwenziwe, akavunja amri ya saba, na pengine amemwaga damu.

Basi wazazi, fanyeni kazi hiyo pamoja na vijana wenu siku za mapumziko. Nanyi wanafunzi, hesabu za darasani zitumieni kwenye mnyororo. Anayejifunza kutafuta ufa kabla ya kufungua kopo la rangi amejifunza zaidi ya ufundi wa kinga.