Deiwaka Naye Alipwe

Hivi karibuni tulihudhuria dansi katika ukumbi mmoja mjini Shinyanga. Mpiga besi wa bendi alikuwa mgonjwa, na alasiri ile ile kijana mmoja aliitwa kutoka Kahama kushika nafasi yake. Hakupata mazoezi. Kiongozi wa bendi alimnong'oneza ufunguo wa kila wimbo, naye akaukazia macho mguu wa mpiga drums na kuufuata mdundo hadi saa nane za usiku. Watu walicheza, hakuna aliyetambua kwamba besi ilikuwa mikononi mwa mgeni. Kulipokucha aliambiwa kwamba ofisi iliyoikodi bendi haijatoa fedha. Akapewa nauli ya basi, akaagwa.

Wanamuziki humwita mtu huyu deiwaka. Wako wasemao kwamba deiwaka si mwanabendi, kwa hiyo hana dai. Sisi twasema kauli hiyo ni ya kinyonyaji. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu amepewa jembe saa ile ile aliyobisha hodi, halafu akanyimwa mavuno.

Tena kazi yake ni nzito. Kila bendi ina mtindo wake: Mlimani Park ina Sikinde, Vijana Jazz walikuwa na Pambamoto, Maquis walikuwa na Kamanyola. Mpigaji wa kudumu huujua mtindo kwa miezi ya mazoezi. Deiwaka hutakiwa aujue kwa usiku mmoja.

Historia yatufundisha thamani ya kuziba pengo. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilipokonywa nguzo zake mwaka 1985, wakiwamo Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka waliojiunga na International Orchestra Safari Sound. Bendi haikufa, kwa kuwa ilikuwa na shirika la kuitunza na iliweza kuingiza watu wengine. Bendi ndogo za kwetu, kutoka Shinyanga hadi Geita, hazina shirika nyuma yao. Pengo likitokea, deiwaka ndiye mshahara wao, ndiye bima yao. Akichoka kudhulumiwa na kwenda kuponda mawe ya dhahabu, ukumbi utanyamaza.

Ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa vingine vya ziwa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mpigaji aitwaye Nansio husafiri siku moja kabla na kurejea siku moja baada. Dansi la usiku mmoja ni kazi ya siku tatu, na hesabu ya malipo haina budi kulitambua hilo. Mwenye harusi kisiwani anayebishana juu ya siku hizo ajiulize nani atavuka maji mara ya pili kwa ajili yake.

Kwa viongozi wa bendi twasema: mkubaliane na deiwaka kabla hajapanda jukwaani, kwa maandishi japo mistari mitatu, mkitaja ujira, nauli na malazi. Akishiriki kurekodi wimbo, jina lake liandikwe, kwa maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji na haki zake.

Kwa maofisa wa Serikali twasema: msikodi bendi kwa sherehe zenu kabla fedha haijawa tayari. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa mtu kuishi kwa jasho la mwenzake, na ofisi ya umma haikusamehewa katika hilo. Chuoni tulifundishwa kumlipa mtu jasho lake likiwa bado bichi. Jasho la yule kijana wa Kahama lilikauka ndani ya basi.