Bima Ikibishania Bili ya Hospitali Baada ya Ajali: Risiti Zako Ziko Wapi?

Ukitoka Embu kwenda Meru unapita Runyenjes, halafu Chuka, unashuka hadi daraja la Nithi, unapanda tena mpaka Nkubu. Kila mtu anayetumia barabara hii anazijua kona za Nithi. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia mtoni pale na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Ajali kama hiyo huingia kwenye habari. Lakini kuna zile ndogo ambazo hakuna anayezitangaza: matatu imegonga lori, abiria watano wameumia, mmoja amevunjika mguu. Maisha yanaendelea, isipokuwa kwa yule wa mguu. Yeye ana bili, na miezi michache baadaye ana barua ya kampuni ya bima inayosema haitalipa yote.

Tumeamua kuandika juu ya barua hiyo, kwa sababu mara nyingi kinachoamua nani atalipa nini ni kitu ambacho tayari kiko kwenye simu yako, au kilipaswa kuwepo.

Mfano mmoja, hesabu moja

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndizi Nkubu. Amepanda matatu kwenda Embu, ajali imetokea, amevunjika mguu na amewekewa vyuma. Baada ya SHA kulipa sehemu yake, familia imetoa shilingi 148,000 kutoka mfukoni. Pesa hizo zilitoka hivi:

- Shilingi 82,000 zililipwa kwa nambari ya malipo ya hospitali, na risiti zikachukuliwa.
- Shilingi 28,000 zilienda kwa dawa, picha na magongo nje ya hospitali. Zilitumwa kwa nambari za simu za watu binafsi, bila risiti.
- Shilingi 38,000 zilichangwa na jamaa, zikatumwa kwa mpwa wake, mpwa akazitoa kwa wakala na kulipa teksi, chakula na mambo mengine kwa pesa taslimu.

Bima ikiuliza ushahidi, mama ana karatasi za 82,000 pekee. Zile 66,000 zilizobaki ni za kweli kabisa. Zilitumika, kila mtu kijijini anajua, hata mchungaji alichangia. Lakini kwa bima, na hata mbele ya hakimu, kujulikana na kijiji si ushahidi.

Mahakama za Kenya zimeshikilia msimamo huu kwa miaka mingi. Katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh ya mwaka 1985, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba gharama ulizotoa mfukoni lazima zitajwe waziwazi kwenye madai na zithibitishwe kikamilifu. Fidia ya maumivu hakimu anaweza kuikadiria. Pesa za hospitali hakadirii, anataka kuziona. Kumbuka pia kwamba invoisi si risiti. Invoisi inasema unadaiwa, risiti inasema umelipa.

Nani hulipa kwanza?

Wengi hufikiri kwamba gari likiwa na stika ya bima, hospitali italipwa na bima moja kwa moja. Sivyo. Bima ya lazima ya gari, ile iliyo chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inalinda watu wengine wanaoumizwa na gari hilo, wakiwemo abiria waliolipa nauli. Lakini kwa kawaida malipo yake huja mwishoni, baada ya kukubaliana au kuamuliwa nani alikuwa na makosa. Hospitali nayo haiwezi kungoja hadi hapo.

Kwa hivyo kwanza ni matibabu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kisha ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukiwa hujajisajili, piga *147# leo, usingoje ajali. Baada ya hapo ni mfuko wa familia. Kisha ndiyo bima ya gari, ikirudisha kile ulichotoa pamoja na fidia ya kuumia.

Andika kando kile SHA ililipa na kile familia ililipa. Ukivichanganya, bima itashuku hesabu yote.

Sababu ambazo bima hutumia kukataa

"Gari halikuwa la abiria." Hii inaumiza watu wengi. Kuna magari ya kibinafsi yanayobeba watu kwa nauli bila kuwa na bima ya uchukuzi wa umma. Sheria hailazimishi bima ya gari la kibinafsi kumlinda abiria aliyepewa lifti, na ukiwa umelipa nauli, kampuni itasema gari lilitumika kinyume na mkataba. Unaweza kumshtaki mwenye gari, lakini kama hana mali utabaki na hukumu iliyoandikwa vizuri tu. Kabla ya kupanda, tazama stika.

"Bima ilikuwa imeisha" au "cheti hicho si chetu." Piga picha ya stika mapema, iwe inaonyesha nambari ya gari, kampuni na tarehe. Kama wewe umelazwa, mtume mtu afike kituo cha polisi gari lilikopelekwa.

"Hatukuarifiwa." Sheria inataka kampuni ya bima iarifiwe mapema kuhusu kesi dhidi ya mteja wake. Isipoarifiwa, inaweza kukwepa kulipa hata ukishinda. Hii ni kazi ya wakili, lakini muulize kama ameifanya, na uombe nakala.

"Umechelewa." Kesi ya kuumia ajalini ina miaka 3 kuanzia siku ya ajali. Kama gari ni la serikali, ni miezi 12 pekee. Watu hupoteza muda huu wakiambiwa "tunashughulikia" kwenye simu. Kushughulikiwa hakusimamishi saa.

"Bili haina ushahidi." Hapa ndipo simu yako inaingia.

Lipa kwa njia inayoacha alama

Hatusemi haya ili utumie huduma yetu zaidi. Tunasema kwa sababu pesa taslimu haina kumbukumbu.

1. Lipa kwa nambari ya malipo ya taasisi, si ya mtu. Hospitali, maabara au duka la dawa likiwa na nambari ya biashara, itumie hiyo. Jina linalotokea kwenye ujumbe ndilo litakalosomwa baadaye.

2. Mahali pa kuandika akaunti, andika nambari ya mgonjwa. Hata kama ni shemeji anayelipa kutoka Nairobi, malipo yatafungwa na faili ya mgonjwa.

3. Chukua risiti bado. Ujumbe wa simu unaonyesha pesa zilienda kwa nani na lini. Hauonyeshi zilinunua nini. Risiti inaonyesha zilinunua nini. Ukiwa na vyote viwili, ni vigumu kukubishia.

4. Mchango uwe na njia moja. Chagueni mweka hazina mmoja, na alipe hospitali moja kwa moja kutoka kwenye simu yake badala ya kutoa pesa kwa wakala na kulipa taslimu. Yule mpwa wa mfano wetu hakuiba hata shilingi. Alikosa tu njia ya kuonyesha.

5. Usitegemee kumbukumbu ya simu. Simu huibiwa, huanguka, na wakati mwingine hupotea kwenye ajali yenyewe. Omba taarifa ya akaunti yako ya kipindi chote cha matibabu na uihifadhi kwenye barua pepe. Skrinishoti inasaidia, lakini taarifa rasmi ina uzito zaidi.

6. Teksi za kwenda kliniki pia ni gharama. Mwombe dereva akuandikie risiti yenye jina, tarehe na safari. Ataona ajabu, lakini ataandika.

Faili ya bahasha moja

Nunua bahasha kubwa. Ndani weka: abstrakti ya polisi, fomu ya P3 iliyojazwa, muhtasari wa matibabu uliopewa ulipotoka hospitalini, ripoti ya daktari, risiti zote, taarifa ya akaunti ya simu, na picha za gari na stika. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aripoti ajali kwa polisi ndani ya saa 24, lakini usimwachie yeye. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye rekodi ya ajali. Abiria ambaye jina lake halipo ataambiwa hakuwa ndani ya gari.

Kama umewekewa vyuma, kuna gharama ambayo bado haijafika: kuvitoa. Mwombe daktari aandike kwenye ripoti kwamba vitatolewa na ni kama pesa ngapi. Gharama ya matibabu ya baadaye nayo lazima itajwe kwenye madai. Isipotajwa, utailipa mwenyewe.

Karatasi ya kusaini

Siku moja utapigiwa simu. "Mama, hundi yako iko tayari, njoo usaini." Unafika, unapewa karatasi inayosema unapokea kiasi fulani na hutadai tena chochote kuhusu ajali hii. Ukisaini, mara nyingi mambo yamekwisha hapo.

Pesa zikiwa mbele yako na karo imefika, kusaini ni rahisi sana. Tunaelewa. Lakini omba uende na karatasi nyumbani. Jumlisha risiti zako. Kama wanakupa pungufu ya ulichotumia hospitalini, uliza kwa maandishi ni vitu gani wamekata na kwa nini. Ofa ya kweli haitakufa kwa siku mbili. Jua pia kwamba chini ya Sura ya 405, bima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo unakidai kwa mwenye gari.

Wakikunyamazia

Anza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, ukitaja nambari ya dai na tarehe uliyoripoti. Sheria ya Bima, kifungu cha 203, inatambua siku 90 za kushughulikia na kulipa dai. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo imekuwa ikisimamia kampuni za bima tangu 2007. IRA inaweza kuibana kampuni inayochelewesha. Haiwezi kuamua nani aliyesababisha ajali. Hilo ni la mahakama, na si lazima uende Nairobi: kuna mahakama Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru.

Na kama kampuni yenyewe imeanguka? Imewahi kutokea. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa na magari mengi ya abiria. Kuna Hazina ya Kufidia Wenye Bima kwa hali hiyo. Faili yako ndiyo itakayokuingiza kwenye foleni.

Kuhusu wakili: mtafute mwenyewe. Mtu anayekufuata wodini na fomu ya kusaini kabla hujatolewa damu nguoni ni dalali, na kesi yako kwake ni bidhaa. Elewana na wakili kwa maandishi kuhusu ada, na umwambie fidia ikilipwa unataka nakala ya hati ya malipo.

Jihadhari na "ada ya kufungua faili"

Walaghai pia husoma habari za ajali. Atakupigia mtu anayejua jina lako na tarehe ya ajali, aseme anatoka kwa bima na fidia yako imeidhinishwa, tuma shilingi 3,000 za kufungua faili. Usitume. Fidia ni pesa inayokuja kwako. Kata simu, tafuta nambari ya kampuni mwenyewe, piga uulize. Na PIN yako haiombwi na bima, polisi, wakili wala sisi.

Tukirudi kwa mama wa Nkubu: zile 66,000 hazijapotea zote. Pesa zilizotumwa kwa duka la dawa bado ziko kwenye taarifa ya akaunti, na akirudi na tarehe pamoja na nambari ya muamala, huenda mwenye duka akatoa risiti kutoka kwenye vitabu vyake. Nyingine hazitarudi. Wewe hujafika hapo bado. Kama una mtu wodini leo, omba taarifa ya akaunti yako jioni hii, ununue na ile bahasha.